Mgeni wa Namba Nne

Juni 3

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula na umelala. Mimi ni mzima kupita kiasi. Hii ni wiki ya nne tangu niolewe, na bado nikiamka asubuhi namtazama huyu mtu aliye pembeni yangu nikijiuliza kama ni wangu kweli au nimeazimwa. Usicheke. Siku moja na wewe utaoa, na utakuwa mjinga kuliko mimi.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu zipo. Kwanza, mume wangu alinichumbia kwa barua. Ziko kumi na tisa, zote nimezitunza kwenye kopo la biskuti, na tangu hapo naona neno la kwenye karatasi lina uzito ambao simu haina. Pili, siku hizi nikikupigia unanong'ona kama mtu aliye msibani, unasema "poa, poa," halafu unakata. Kwenye karatasi huwezi kunikatia.

Tunakaa vyumba viwili juu ya kibanda cha fundi viatu, na nyundo yake ndiyo saa yetu ya asubuhi. Tuna vikombe viwili vya bluu, na cha tatu cha mgeni ambacho bado hakijapata mgeni. Pazia nimeshona mwenyewe. Limekuwa fupi kidogo, lakini mume wangu anasema limeacha nafasi ili jua lituchungulie. Mtu akikwambia maneno kama hayo kabla hujanawa uso, utafanya nini? Kibovu ni kitasa cha mlango tu. Lazima ukinyanyue huku unasukuma kwa bega, na anayekuja mara ya kwanza hudhani tumejifungia.

Mama hajambo, magoti tu. Ila nina jambo moja la kuchekesha ambalo lilinitoa machozi. Unaikumbuka ile kampuni inayohesabu watazamaji wa televisheni, iliyoichagua nyumba yetu mwaka juzi? Kile kisanduku chini ya televisheni, na rimoti yenye namba, kwamba ukikaa kutazama unabonyeza namba yako ili wajue nani yupo. Baba moja, Mama mbili, mimi tatu, wewe nne. Wiki iliyopita alikuja yule dada wao wa kisanduku kuangalia mabadiliko ya kaya. Aliposikia nimeolewa alitoa kibandiko cha jina langu kwa kucha, krrr, akakitupa kwenye mfuko wake. Nikamuuliza, "Na mdogo wangu je? Yuko mbali zaidi kuliko mimi." Akasema mwanafunzi wa chuo hahami. Hata akikaa mbali miaka mitatu, bado anahesabiwa wa nyumbani, na watakuletea kisanduku chako hukohuko. Kwa hiyo mimi niliye mtaa wa nne kutoka kwa Mama sipo, na wewe uliye safari ya siku nzima upo. Nilicheka, halafu nikaenda kulia jikoni.

Baba amesafiri, nadhani unajua. Anasema amepata kazi ya kufunga vyumba vya baridi huko mbali, ya miezi sita. Aliondoka wiki mbili tu baada ya harusi na sanduku lake la vifaa, bila kupanda hata mara moja ngazi zetu. Nilikuwa nimemwekea kile kikombe cha tatu. Alikwambia chochote? Kama hakumpenda mume wangu, si angesema tangu mwanzo? Wanafanya kazi karakana moja, karibu kila siku mchana nilikuwa nikimpelekea Baba chakula hapo, na macho yetu yalipokutana Baba alikuwa katikati yetu ameshika kompresa ya friji. Sasa nikimtaja Baba, mume wangu huinuka na kuosha vikombe ambavyo ni visafi.

Nijibu. Dada yako anayeng'aa kama sufuria jipya.

Juni 19

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kwa barua, na nimefurahi kwamba umeolewa na mtu anayeosha vikombe. Huku ni salama. Masomo ya upimaji wa ardhi yanaendelea. Tunashinda juani na vigingi na kamba, nimekuwa mweusi hadi mwenye nyumba aliniita kwa jina la mpangaji mwingine.

Kisanduku kimefika. Fundi wao alikifunga kwenye kitelevisheni changu cha inchi kumi na nne na kunieleza kwa dakika arobaini jambo la dakika tano. Kina kitufe changu, namba nne, na kitufe cha mgeni. Mgeni akiingia unabonyeza, halafu kinakuuliza mwanamume au mwanamke, na umri. Basi. Jina hakitaki. Fundi alinisisitizia nisidanganye, maana wakikuta uongo mmoja hawawezi kuamini na ukweli. Najitahidi. Ajabu, kukiambia kisanduku ukweli ni rahisi. Hakikutazami usoni.

Kuhusu Baba, ni mtu mzima, kazi ikiisha atarudi.

Nina ombi. Shemeji alisomea ufundi wa mafriji, sivyo? Kama bado anayo madaftari yake ya chuo, hasa yale ya gesi mpya na hesabu za mgandamizo, naomba aniazime. Kuna mtu hapa anasoma kozi hiyo na vitabu havitoshi.

Msalimie Mama. Mwambie kwamba nakula.

Ni mimi, namba nne.

Julai 14

Mdogo wangu,

Sisi huku tu wazima, joto tu, na mapenzi. Nakutumia madaftari matatu. Nilipomwomba mume wangu hakuuliza ya nani. Aliyatoa chini ya kitanda, akayafuta vumbi, akakaa nayo mapajani kama mtu aliyepata picha ya utotoni. Ukurasa wa sitini wa daftari la pili, karibu na mchoro wa kompresa, kuna jina langu limeandikwa kwa penseli mara nne. Aliliandika baadaye, akilitumia daftari kazini, kabla hata hajanisalimia. Mwambie huyo rafiki yako asilifute.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimechanganyikiwa na Mama amechanganyikiwa zaidi.

Juzi yule dada wa kisanduku alimpigia Mama. Kwa kuwa wewe unahesabiwa huku, maswali yako yanakuja huku. Alisema chumbani kwako kila jioni kunabonyezwa mgeni, siku ishirini na sita mfululizo, yuleyule. Mwanamume, umri miaka sitini na mmoja. Mama akasema labda umekosea, ulitaka kuandika kumi na sita. Yule dada akasema mtu hakosei namna moja siku ishirini na sita. Anachotazama hawezi kusema, ni siri ya kazi. Lakini utaratibu wao ni kwamba mgeni akizidi siku fulani si mgeni tena, ni mkazi, na lazima aandikishwe. Akamuuliza Mama, "Ni nani wenu huyo?" Mama akasema hatuna mtu wa umri huo. Na kweli hatuna. Baba ana hamsini na nane, wajomba wote ni wadogo kwa Mama.

Tangu hapo Mama haketi. Kwanza alisema ni mwenye nyumba anayekuja kutazama bure. Halafu akasema ni mhubiri anayekuvuta kwenye dini zake. Jana alisema huenda ni mzee wa msichana uliyempa mimba, amekuja kukaa hapo hadi utoe jibu. Nilicheka, lakini nilipofika kwangu sikucheka tena. Ni msichana?

Na kuna jambo jingine ambalo yule dada aliliuliza mwishoni, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari ya maradhi. Alisema namba moja haijabonyezwa tangu Mei. Mama akasema yuko kazini. Ila Mama ameniambia mimi jambo ambalo hakumwambia yeye. Baba anapiga simu kila Jumapili, anasema vyumba vya baridi vina kelele, na anakata haraka. Jumapili mbili zilizopita hakupiga, akapiga Jumatatu, na nyuma yake Mama alisikia kengele. Kengele ya shule. Na vicheko vya wasichana. Mama hakumuuliza. Mama anasema mwanamke akiuliza, lazima awe tayari kwa jibu.

Mdogo wangu, nimeolewa juzi. Nataka kuamini kwamba mtu akiingia ndani anakaa. Niambie huyo mgeni ni nani, angalau nijue moja.

Dada yako, ambaye leo hang'ai sana.

Agosti 2

Dada,

Shikamoo. Mungu ampe Mama nafuu ya magoti, na wewe akuzidishie hayo yako mengine.

Hakuna msichana. Mwenye nyumba anayo televisheni yake, kubwa. Mhubiri hajafika. Huyo mgeni ni mwanafunzi mwenzangu, anasoma kozi ya miezi sita, yule niliyemwombea madaftari. Ndiyo, ana miaka sitini na mmoja. Watu husoma. Hana pa kukaa karibu na chuo, kwa hiyo yuko kwangu. Analala kitandani, mimi chini. Jioni tunatazama taarifa ya habari, halafu tunazima na anaandika. Usiniulize jina lake. Ana haya kuliko bibi harusi, nimemwahidi.

Madaftari yamemsaidia sana. Ananakili kwa rula, mstari kwa mstari. Alipofika ukurasa wa sitini alikaa muda mrefu, akaruka ile sehemu ya penseli asiiguse. Halafu akasema mwenye mwandiko huu ni mtu wa subira, na mtu wa subira hawezi kumnyanyasa mke. Nimeona nikuandikie hilo kwa sababu utalipenda.

Mwambie Mama asiogope kengele. Kengele ziko nyingi duniani.

Wako.

Agosti 25

Mdogo wangu,

Salamu za huku ni nusunusu. Mama ni mzima. Fundi viatu anakusalimu bila kukujua, kwa sababu namsimulia habari zako nikishuka. Mimi na mume wangu tumegombana kwa mara ya kwanza. Siku mbili vikombe vyetu vya bluu vimekaa kila kimoja upande wake wa meza.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye mtu wa subira, alinyanyuka, akapigana na kitasa, akatoka kusimama kwenye ngazi. Nikamfuata. Ndipo akasema.

Kumbe siku ya saba baada ya harusi yetu, siku ya saba, makao makuu yalileta agizo kwamba kuanzia mwaka ujao fundi asiye na cheti haruhusiwi kufungua mashine zenye gesi mpya. Atafagia, atabeba, au ataondoka. Karakana nzima asiye na cheti alikuwa mmoja. Msimamizi ndiye wa kutia sahihi na kukabidhi barua, na msimamizi ni mume wangu. Akampa Baba barua mkononi, mtu aliyewafundisha nusu ya mafundi wa pale, aliyempa yeye binti yake. Nilimuuliza Baba alisema nini. Akasema Baba aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Halafu akamuuliza, "Kile kitasa cha mlango wenu kimeshatengenezwa?" Basi. Mume wangu akamjibu bado. Baba akarudi kwenye kazi yake. Wiki moja baadaye akaaga.

Nilisema maneno, mdogo wangu. Nilimwambia ameniandikia mimi barua kumi na tisa za mapenzi, na ya ishirini kamwandikia baba yangu kumfukuza. Alisema angeikataa, wangemtuma mwingine aipeleke, mtu asiyemjua Baba. Alitaka ipokelewe kutoka kwa mkono wa mtu anayemheshimu. Sijui kama hilo ni jibu au si jibu. Ninampenda na nimemkasirikia, na vyote viwili vinakaa kwenye chumba kimoja na mimi.

Kwa hiyo sasa naelewa kwa nini Baba hakuja kwetu. Ametukataa. Na Mama anaelewa kivyake, kwamba Baba ana nyumba nyingine iliyo karibu na shule. Na sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Yule dada wa kisanduku amepiga tena. Atakuja Septemba 20 na fomu. Mtu asipobonyeza namba yake kwa siku nyingi namna hii, lazima mwenye kaya aseme kama bado ni wa kaya hiyo au amehama. Namba inafutwa, kama yangu. Mama anasema atatia sahihi kwamba amehama. Ameshatoa nguo za Baba kabatini, amezikunja kwenye boksi. Nilimwambia ni fomu ya televisheni tu, Mama. Akanijibu, "Hao ndio watu pekee walioniuliza kama mume wangu yupo."

Unajua kitu. Barua zako zina harufu ya mtu anayejua kitu. Una hadi tarehe 20.

Dada yako.

Septemba 9

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa na kwa yote.

Mgeni ni Baba.

Najua unachosema: Baba ana hamsini na nane. Hana. Ana sitini na mmoja. Nimeiona fomu yake ya kujiunga na chuo na cheti chake cha kuzaliwa. Alipokwenda kumposa Mama, wakwe walitaka kijana, naye akajipunguzia miaka mitatu. Halafu akakosa pa kuirudishia. Jioni ya kwanza baada ya kisanduku kufungwa, alipoketi kwenye kiti changu, nilichukua rimoti nikamwambia huku hakuna namba moja, kuna mimi na mgeni tu. Akasema, "Nibonyeze mgeni. Hapa mimi ni mgeni." Kisanduku kikauliza umri. Nikaanza kuandika hamsini. Akanishika mkono, akatazama ile skrini ndogo muda mrefu, akasema, "Hiki hakimjui mama yako. Andika sitini na moja." Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuusema umri wake kwa mtu tangu aoe.

Alifika Mei na sanduku la vifaa na ile barua iliyokunjwa mara nne. Hakumkasirikia Shemeji. Alisema, "Kijana alinipa kwa mikono miwili." Alichokiogopa ni kingine. Miaka thelathini na tano amekuwa akituambia kwamba vyeti ni karatasi, mikono yake ndiyo imesoma. Sasa angewezaje kurudi mezani kwa Mama na kusema naenda shule? Na akifeli? Alisema akifeli, bora ijulikane tu kwamba kazi ya vyumba vya baridi haikuwa nzuri. Akifaulu, ataweka cheti mezani kwa Mama na mkwewe, halafu ndipo atakuja kwako kunywa chai. Hakutaka kupanda ngazi zenu akiwa mtu wa kufagia.

Darasani wanamwita Mzee wa Baridi. Anakaa mbele kwa sababu ya macho. Wale wasichana wanaocheka kwenye simu ni wenzake, wanamtengea kiti. Mtihani wa kwanza wa kuandika alipata thelathini na moja kwa mia, akaikunja karatasi mara nne. Wiki hiyohiyo friji ya kufundishia iliharibika, mwalimu akahangaika nayo siku mbili, Baba akaiwekea sikio na kusema tatizo lilipo. Sasa mwalimu anamwita "mwalimu", na yeye anakasirika, anasema yeye ni mwanafunzi. Jaribio la pili alipata hamsini na nane. Nikamwambia, leo umepata umri wako wa nyumbani. Alicheka hadi akakohoa. Mtihani wa mwisho ni Novemba.

Nimevunja ahadi. Sijui nimefanya vizuri au vibaya. Kama nisingesema Mama angemfuta, na kwa kuwa nimesema Baba atajua kwamba mmemjua akiwa katikati ya safari, kabla hajafika. Yeye alitaka aonekane akiwa amefika. Na fomu mtaijazaje? Kuhama hakuhama. Kazini hayupo. Mgeni si mgeni. Mimi nimeshindwa. Wewe ndiye mkubwa.

Namba nne.

Septemba 28

Mdogo wangu kitindamimba, mwenye kifua cha siri kama kabati la benki,

Salamu nyingi, zinazidi bahasha. Barua yako niliisomea kwenye ngazi kwa sababu sikuweza kusubiri kitasa. Fundi viatu alidhani nimefiwa, akapanda na nyundo mkononi. Nilikuwa nacheka na kulia, ile ambayo mtu hajui amfariji au amwache. Mume wangu aliporudi nilimpa aisome mwenyewe. Alipofika kwenye "kwa mikono miwili" aliketi chini sakafuni. Nilivisogeza vikombe tu.

Kwa Mama tulienda wote wawili, asubuhi ya tarehe 20, saa mbili kabla ya yule dada. Boksi la nguo lilikuwa mlangoni. Nilimsomea barua yote. Alisikiliza kengele, wasichana, thelathini na moja kwa mia, bila kupepesa jicho. Kilichomkwamisha ni ile miaka mitatu. Akasema, "Kwa hiyo mwaka juzi nilimpikia sherehe ya miaka hamsini na sita, na kumbe mtu ana hamsini na tisa." Mume wangu akakohoa. Mama akamgeukia, akasema na wewe sema umri wako wa kweli hapahapa mbele ya shahidi. Akausema akiwa amesimama wima, kama yuko mahakamani. Ni uleule, nilishauangalia kwenye kitambulisho chake. Basi Mama akacheka, na alipoanza hakuweza kuacha, mpaka tukaogopa.

Halafu akauliza lile swali lako. Tujaze nini? Tulizunguka hapo saa nzima. Mume wangu alisema tuandike safarini. Mimi nilisema tumwambie yule dada siri. Mama alisema hawezi kumdanganya mtu anayeandika maneno yake kwa kalamu. Tulikuwa bado tunabishana alipopiga hodi.

Aliketi, akafungua fomu mapajani, akaanza maswali yake moja baada ya jingine kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Kuna aliyezaliwa? Hapana. Kuna aliyefariki? Hapana. Kuna aliyeolewa? Mama akanionyesha kwa kidole, yule dada akasema huyo tulishamtoa, nami nikajifanya natazama pazia. Kisha akafika kwenye lile swali la Mei, lililokufanya wewe ubaki na mimi niondoke. "Kuna mwanafunzi wa chuo anayeishi mbali na nyumbani?"

Mama akasema, "Wawili."

Yule dada akatazama karatasi yake, akasema hapa anaye mmoja, namba nne. Mama akamwambia, "Andika na wa pili. Namba moja. Umri sitini na mmoja, mmekosea kwenye vitabu vyenu." Yule dada akamtazama, akanitazama, akamtazama mume wangu. Akarudisha macho kwenye fomu, na niliona lile jambo la siku ishirini na sita mfululizo likimfunguka usoni taratibu. Akauliza kwa adabu kama huyo mwanafunzi ameandikishwa chuoni rasmi. Mama akamwambia ameandikishwa, anakaa mbele, na jaribio lake la pili limepanda. Yule dada akaandika. Halafu akasema, kama alivyoniambia mimi ile siku ya kibandiko, lakini sasa ilikuwa tamu, "Mwanafunzi hahami, Mama. Anahesabiwa wa nyumbani."

Mama alirudisha nguo kabatini kabla hata yule dada hajamaliza chai yake.

Sasa sikiliza. Fundi wao atakuja chumbani kwako wiki ijayo kuongeza kitufe cha namba moja kwenye kisanduku chako. Usimweleze Baba lolote. Mama amesema hatapiga simu wala kuandika mpaka mtihani upite, mwache asome. Mwache akione tu. Akitaka abonyeze.

Mume wangu anakutumia daftari la nne, la maswali ya mitihani ya nyuma, ameyajibu yote kwa mkono wakati mimi nikimshikia taa. Ameandika juu yake "Kwa mwanafunzi". Nilimwambia aandike "Kwa baba mkwe". Akasema hilo ataliandika Novemba.

Dada yako, ambaye ameolewa na mtu wa subira, imethibitishwa na mtaalamu.

Oktoba 12

Dada,

Shikamoo. Huku ni wazima, wote wawili.

Fundi alikuja Jumatano mchana, Baba akiwa darasani. Jioni Baba aliketi, akaninyooshea mkono nimbonyeze mgeni kama kawaida. Nikampa rimoti mwenyewe. Aliigeuza, akaona kile kitufe kipya chenye namba moja. Taarifa ya habari nzima alikishika hivyo bila kutazama habari. Iliposomwa hali ya hewa akauliza, "Ni mama yako?" Nikasema mimi sijui kitu. Akauliza, "Umri wameandika ngapi?" Nikamwambia asome mwenyewe. Alisogeza skrini karibu na macho, akasoma. Halafu akabonyeza. Kitaa kikawaka kijani, naye akakitazama kwa makini kama friji aliyoitengeneza yeye, akingoja aone kama itashika baridi.

Sikumwambia kwamba ninakuandikia, lakini asubuhi nilikuta kikaratasi juu ya bahasha yako, kimekunjwa mara nne. Nakituma kama kilivyo. Mwandiko umeanza kufanana na ule wa madaftari.

"Binti yangu. Mwambie mumeo kitasa cha mlango wenu asikiguse. Nitakuja kukitengeneza mwenyewe tukifunga chuo."